Panzi Kabla ya Zimwi

Bibi yangu, Msukuma aliyeolewa Unyamwezi, hakuanza hadithi mpaka ungo ujae. Ungo wenyewe ulikuwa wa karanga za maganda, zimetoka shamba siku hiyo hiyo na bado zina udongo. Kazi yetu wajukuu ilikuwa kukaa karibu na kubangua, tusile nyingi kuliko tulizobangua. Umeme ukikatika, na Tabora ya utoto wangu ulikatika sana, alivuta kigoda, akaweka ungo mapajani, akatega vitendawili viwili vitatu vya kwao. "Kalagu!" Tukaitika: "Kize!" Hapo tulijua usiku umefunguliwa. Mchana hakukuwa na hadithi. Anayesimulia mchana huota mkia, ndivyo tulivyoambiwa, na hakuna kati yetu aliyetaka kujaribu.

Hadithi aliyoirudia kuliko zote ni ile ambayo Usukumani na Unyamwezi hata mtoto mdogo anaijua. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yote ya dunia. Amebaki mwanamke mmoja mja mzito, aliyejificha ndani ya lundo la makapi. Anajifungua mtoto wa kiume, anaitwa Masala Kulangwa. Masala ni akili, na jina zima ni la mtu mwepesi wa kuelewa. Mtoto anakua, siku moja anauliza mbona wako wawili tu. Mama anamweleza. Tangu siku hiyo kijana anatoka kila kukicha kulitafuta zimwi.

Siku ya kwanza anarudi na panzi. Anasikika kwa mbali akiimba kwamba ameliua zimwi huko milimani, mama apige vigelegele. Mama anatoka, anatazama kiganjani, anamwambia mwanawe kwa upole kwamba huyu ni panzi tu, amlete wambanike wale.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye panzi, maana ufundi wote wa hadithi hii umeanzia hapa. Mtoto wa miaka mitano anayesikiliza hajawahi kuona zimwi, lakini panzi amemshika. Anajua miguu yake inavyokwaruza kiganja, anajua anavyotema kile kimate cha kahawia. Kwa hiyo anamcheka Masala, na kwa dakika moja msikilizaji ana akili kuliko shujaa. Bibi alituachia kicheko hicho kwa makusudi, akatulia mpaka kiishe. Hakuwa na haraka ya kututisha. Alikuwa anatupa kipimo, na kipimo cha kitu usichokijua lazima kianze na kitu unachokijua.

Baada ya panzi akaja ndege, baada ya ndege paa, baada ya paa swala. Tazameni mikono ya Bibi. Panzi alimshika kwa vidole viwili. Ndege alimfunika kwa kiganja. Paa alimtupia begani, bega likashuka kidogo. Kwa swala aliinuka nusu kutoka kwenye kigoda, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo, akakaa tena. Hakusema hata mara moja kwamba kijana alikuwa anakua. Tulimwona akikua kwa uzito wa alichobeba. Na muda huo wote mkono wa kulia ulirudi kwenye ungo kana kwamba hauhusiki na yaliyokuwa yakitendeka milimani.

Jibu la mama lilikuwa lile lile kila mara, kwa sauti ile ile, bila kukemea na bila kuchoka. Mara ya kwanza alijibu Bibi peke yake. Mara ya pili tulimfuata nyuma nyuma. Mara ya tatu na ya nne ni sisi tuliosema, yeye akitikisa kichwa tu: hapana, mwanangu, huyu ni paa, hapana, mwanangu, huyu ni swala. Kisha kijana akarudi mara ya tano, wimbo ule ule, ushindi ule ule, na Bibi akatuachia nafasi ya kujibu. Tukafungua midomo. "Hapana, mwanangu, huyu ni..." Na hapo hapakuwa na neno. Bibi alinyamaza. Ganda moja la karanga likapasuka: kwa! Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti pekee chumbani. Hofu yote niliyowahi kuionja katika hadithi ile ilitoka kwenye jibu letu wenyewe, lililokosa mahali pa kukaa.

Nilipofika miaka kumi hivi ndipo nilipogundua jambo jingine. Wanyama hawakuwa wanne kila usiku. Mara aliingia kanga, mara sungura, mara ngiri, na usiku mmoja wa mavuno aliingia hata nyati. Nilidhani Bibi anasahau. Siku nyingine nikamtazama macho badala ya mikono, nikaona kabla ya kila mnyama anautupia ungo jicho. Karanga zikiwa bado nyingi, ngiri anaingia. Mdogo wetu akianza kusinzia, paa anarukwa. Hadithi yake ilinyumbuka kama kamba ya katani mbichi, na bado siku zote ilifika mwisho pamoja na karanga ya mwisho. Sijawahi kuona mwandishi anayejua urefu wa kazi yake kwa uhakika wa namna hiyo.

Ustadi wa kupima namna hii haushangazi kwa watu wa njia ya misafara. Tabora ilikaa kwenye njia panda ya misafara: barabara ya kutoka Bagamoyo ilifika hapo, ikagawanyika, moja ikaenda Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857 walipaita Kaze. Wazee wengine husema jina Tabora lenyewe limetokana na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo msafiri aliviweka mfukoni. Toka pwani mpaka hapo ni zaidi ya kilomita 700, na msafara mkubwa ulizitembea kwa miezi, mwendo wa saa chache asubuhi, kisha kambi. Kabla ya kuingia Unyamwezi kulikuwa na Mgunda Mkali, lile pori refu lenye maji machache ambalo jina lake peke yake lilitosha kuwanyamazisha watu.

Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, zaidi ya kilo thelathini. Mtu haanzi na mzigo huo. Burton aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoezwa mapema kwa kubebeshwa vipembe vidogo vya ndovu, ili bega lijue kazi kabla kazi haijafika. Nikisoma habari hiyo namkumbuka Masala na panzi wake. Ni mafunzo yale yale: kwanza kilicho chepesi, ukibebe mpaka nyumbani, umwonyeshe aliyekutangulia, akuambie bado.

Na mbele ya msafara alitembea kirangozi, Mnyamwezi mara nyingi, amevaa joho jekundu, ngozi ya mnyama shingoni na manyoya kichwani, ameshika bendera. Hakuruhusu mtu amtangulie. Yeye ndiye aliyejua maji yako wapi na miguu ya watu mia inaweza kufika wapi kabla ya jua kuwa kali. Ukimtoa jioni barabarani, ukamketisha kwenye moto wa kambi, una msimuliaji aliyekamilika: mavazi anayo, watu wanamfuata, na anajua wapi pa kupumzika.

Ncha ya pili ya barabara ile, kule Unguja, kuna jambo ambalo limenifurahisha tangu nilipolikuta. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Ndani yake mna hadithi ya Sultani Majnun. Sultani ana paka anayempenda. Paka anakula kuku, watu wanakuja kushtaki, sultani anasema paka ni wake na kuku ni wake. Anakula mbuzi, anakula ndama, anakula ngamia, jibu ni hilo hilo. Anaanza kula watu. Mpaka siku anapowala wana wa sultani mwenyewe, ndipo baba anapokubali kwamba huyu si paka tena, ni Nunda, mla watu.

Anayetoka kumwinda ni mwana mdogo kuliko wote, yule wa kukaa jikoni ambaye hakuna aliyemtegemea. Naye anarudi na mbwa, anamwimbia mama yake kwamba amemuua Nunda, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi na punda milia: siye. Twiga: siye. Ndovu: bado siye. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Mama wa Usukumani na mama wa Unguja, mmoja mjane wa dunia nzima, mwingine mke wa sultani mwenye jumba, wamesimama mlangoni wanatoa jibu moja.

Sisemi kwamba wapagazi ndio walioubeba mtindo huo pamoja na pembe. Zimwi mmezaji ni la zamani kuliko barabara, na linapatikana mbali sana: Basotho wa kusini wana Kholumolumo, aliyemeza watu wote akamwacha mwanamke mmoja mja mzito, na mwanawe ndiye aliyewatoa. Neno zimwi nalo lina ndugu mpaka kwa Wazulu, wanaosema izimu. Alice Werner, alipokusanya masimulizi ya Wabantu katika kitabu chake cha 1933, aliyapa mazimwi sura yao. Ninachokipenda ni tofauti iliyoota juu ya mti mmoja. Kwa Bibi yangu zimwi lilitoka nje, likaja na kumeza. Kwa Waunguja lilifugwa ndani, likalishwa kuku, likatetewa na mwenye nyumba. Watu wa mjini, waliokaa karibu na jumba, walijua zimwi lao linakozaliwa. Msimuliaji aliyegeuza jambo hilo moja tu, akaacha wimbo na mama na wanyama wanaokua kama walivyokuwa, alikuwa mtu wa kuvuliwa kofia.

Na mama huyu anayepima hapatikani kwenye ngano peke yake. Unyamwezini wapo Baswezi, chama cha mizimu chenye ngoma zake na siri zake, ambacho kinamheshimu Lyangombe, shujaa mwindaji anayejulikana mpaka Rwanda kwa jina la Ryangombe. Katika masimulizi ya Rwanda, mama yake alimwonya asiende kuwinda siku ile. Alikwenda. Nyati akampiga pembe, akafa, akawa mzimu unaoabudiwa. Masala alimsikiliza mama akawa mtemi. Lyangombe hakumsikiliza, akawa wa kupigiwa ngoma. Nchi iliwahifadhi wote wawili, na nadhani ilifanya vyema.

Kuhusu zimwi lenyewe, Bibi hakutuambia lilivyo. Hakuna pembe, hakuna idadi ya macho. Alitaja vumbi, alitaja harufu ya vitu vingi vilivyokaa pamoja gizani, basi. Niliwahi kuletewa kitabu kimoja cha watoto ambamo hadithi hii ilikuwa na picha. Shing'weng'we alikuwa mjusi wa kijani mwenye meno ya msumeno, na Masala ameweka mguu juu yake. Nilisikitika kweli. Mchoraji alikuwa amelipunguza likaenea kwenye ukurasa, wakati Bibi, kwa kunyamaza tu, alikuwa amempa kila mtoto zimwi linalomtosha. Langu lilikuwa na nyayo za mtu. La dada yangu, alikuja kuniambia tukiwa watu wazima, lilikuwa na sauti ya treni ya usiku ya kwenda Kigoma.

Tabora ilipata kuwa na zimwi mwenye jina na tarehe. Wafanyabiashara wa Kiarabu wa mji ule walisimulia hivyo habari za Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi: jambazi asiyelala, mla njia. Vita kati yao vilianza mwaka 1871, na Agosti ya mwaka huo watu wake waliingia Tabora na kuchoma moto, msafiri Stanley akiwa Kwihara, kilomita chache tu kutoka hapo. Mirambo alijua thamani ya hofu. Jina lake hufasiriwa kuwa maiti, na rugaruga, wapiganaji wake, walijulikana kwa nguo nyekundu, manyoya, njuga na mapambo ya nywele na meno ya watu. Kila kimoja kilichaguliwa ili habari itangulie kabla mtu hajafika. Kisha, Aprili 1876, Stanley akakutana naye uso kwa uso. Alikuwa amejiandaa kuona jitu la kutisha. Akamkuta mtu wa makamo, mpole wa sauti, nadhifu, mwenye adabu, wakachanjana damu wakawa ndugu.

Kwa Wanyamwezi wengi Mirambo ni Masala: aliyewatoa watu tumboni mwa biashara iliyokuwa ikiwameza. Kwa vijiji alivyovichoma akienda kuwakomboa wengine, hadithi haiwezi kuwa hiyo. Hapa ndipo ninapofikia mahali ninapopaheshimu kuliko pote katika hadithi ya Bibi, na ni mahali ambapo watu wengi hupapita haraka.

Zimwi limeuawa. Masala anachana mgongo wake, watu wanatoka: baba yake, ndugu, majirani, ng'ombe, mbuzi, kelele za dunia nzima zinarudi kwa pamoja. Mtu mwingine angekomea hapo, ngoma ipigwe. Lakini kisu, kikipita, kimekata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa mle ndani. Bibi yangu alipofika hapa alijishika sikio la kushoto kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukaendelea na karanga. Yule kizee hashukuru. Anatukana. Anataka kumroga kijana, na rafiki zake inabidi wamlinde. Katikati ya furaha ya ulimwengu mzima, hadithi inasimama kumsikiliza mtu mmoja anayevuja damu.

Masala hamwambii kwamba sikio ni bei ndogo ya uhai. Anakwenda kutafuta dawa. Anamtibu mpaka anapona, na baada ya hapo tu ndipo watu wanapomkalisha kwenye kiti cha utemi. Neno mtemi watu wetu hulihusisha na kutema, yaani kukata: kukata pori la kijiji kipya, au kukata shauri. Msimuliaji wa kwanza aliyeliweka sikio lile kati ya kisu na kiti alilijua neno hilo vizuri. Mirambo alikufa Desemba 1884 bila kupata nafasi ya kuzunguka kutibu masikio, na dola yake haikudumu baada yake. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani mpaka Januari 1893 alipoilipua ghala yake ya baruti akiwa ndani ya ngome, hakupata hata nafasi ya kuuliza ni nani aliyeumia. Nikisoma habari zao navutwa kila mara na swali ambalo Bibi alilitia kichwani mwangu kwa ishara ya mkono tu.

Sikujua kama ishara ile ilikuwa yake au alirithi. Nilimuuliza mara moja, nikiwa kidato cha tatu na nimeanza kujiona msomi. "Shikamoo Bibi, eti kwa nini unashika sikio?" Aliitikia marahaba, akacheka. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyowaita wajukuu wa kiume wote, "wewe ungeshika nini?"

Mwaka jana nilijaribu kuwasimulia watoto wa dada yangu hapa Dar es Salaam. Niliketi kwenye kochi, taa zinawaka, nikaanza vizuri na lundo la makapi, lakini nilipofika kwa panzi mikono yangu haikujua pa kwenda. Ilining'inia. Sauti nayo ikaanza kukimbia. Nilitoka kwenye panzi mpaka kwenye zimwi kwa dakika tatu, na watoto wakaniuliza kama kuna nyingine.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni Kariakoo nikatafuta karanga za maganda. Muuzaji alinionyesha zilizobanguliwa, safi, bei nafuu kwa kilo. Nikamwambia nataka zenye kazi. Niliazima ungo kwa jirani. Jioni nikazima taa ya sebuleni, nikawaketisha wote watatu chini kwenye mkeka, nikawafundisha kuitika "Kize!" mpaka wakaacha kucheka. Nikaanza taratibu, karanga moja moja. Mwanamke kwenye makapi. Mtoto kuzaliwa. Swali. Nikaimba kwa mbali, nikaukaribia mlango wa mama, nikanyoosha mkono wa kushoto na kufunga vidole viwili juu ya kitu kisichokuwapo, nikanyamaza.

Mdogo wao, wa miaka minne, akasogea akainama, akachungulia kati ya vidole vyangu.

"Mjomba," akasema, "huyo si zimwi. Huyo ni panzi."